Kinu cha Kwetu, Manjano ya Kwao

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana habari hii ina wakubwa ndani yake na wakubwa hawapendi kurekodiwa. Mkiulizwa kesho mliisikia wapi, semeni mliisikia redioni. Redio imezoea kusingiziwa.

Palikuwa na nchi iitwayo Kwetu. Msinitumbulie macho, ndilo jina lake, limo hata kwenye stempu. Na ng'ambo, mbali sana, palikuwa na nchi nyingine iitwayo Kwao. Zamani Wakwao walikuja Kwetu, wakapapenda, wakakaa, na kwa muda mrefu Kwetu kukawa kwao. Walipoondoka, baada ya kusukumwasukumwa, waliacha vitu vitatu: reli, waya wa umeme na kamusi.

Reli ilitoka Kilimani ikanyoosha mpaka bandarini, haikupinda popote kumsalimia mtu. Waya wa umeme ulitoka bwawani, ukapita juu ya mapaa ya watu, ukaenda mgodini Kilimani, kisha nao ukashuka bandarini. Kamusi iliandikwa na padri mmoja wa Kwao aliyekuwa akizunguka na kuuliza kila kitu kinaitwaje. Aliandika vizuri, Mungu amlipe. Ila tangu aiandike, hakuna Mkwao aliyeona haja ya kuandika nyingine.

Chini ya Kilima hicho ndipo kilipo kijiji cha Kingolwe, na Kingolwe ndiko alikoishi Bi Sikudhani, mjane wa marehemu Shaweji.

Shaweji alichimba mawe Kilimani tangu hajaota ndevu mpaka ndevu zikageuka nyeupe. Mawe yenyewe yalikuwa ya kijivu, hata ukuta wa choo usingeyatamani. Lakini yakifika Kwao yalisagwa, yakaoshwa, yakawa unga wa rangi ya njano, na unga huo ukaingizwa katika mitambo mikubwa ikawasha miji ya Kwao usiku kucha, pamoja na madirisha ya maduka yaliyofungwa. Kwa vile Wakwao waliuita unga huo kwa rangi yake, serikali ya Kwetu nayo ikauita manjano. "Mwaka huu tumeuza manjano mengi," redio ilisema, na watu wakapiga makofi. Hakuna Mkwetu hata mmoja aliyewahi kuyaona.

Siku Shaweji alipostaafu, kampuni ilimpa zawadi ya utumishi mwema. Ilimpa friji. Friji zuri kweli, jeupe, refu, lina mlango wake wa barafu juu. Sasa Kingolwe hakukuwa na umeme. Yaani, tusiwaonee watu, umeme ulikuwepo: ulipita juu ya paa, na mvua ikinyesha uliusikia ukinguruma. Kushuka tu ndiko haukushuka. Shaweji akaliweka friji sebuleni, akatoboa tundu ukutani, akachomeka waya wake humo, akamwambia mkewe, "Ukija utukute tayari." Akafa kwa kifua kabla haujaja. Bi Sikudhani akapanga ndani ya friji vyombo vya wageni na khanga zake za kutokea, lakini ule waya hakuuchomoa hata siku moja.

Basi hilo ndilo alilolitaka duniani mama yule. Hakutaka gari, hakutaka safari ya Kwao. Alitaka friji la Shaweji liungurume, afungue mlango, atoe maji ya baridi, akae kitako kwenye kiti chake ayanywe. Watu wanataka makubwa kuliko hayo na wanapewa.

*

Msidhani serikali iliisahau Kingolwe. Hapana, jamani, tuseme ukweli. Kila wiki Wizara ya Nishati ilibandika ratiba ya mgawo wa umeme, na Kingolwe ilikuwemo: Jumanne na Ijumaa, umeme utakatika asubuhi hadi jioni.

Bi Sikudhani alikwenda ofisi ya wizara wilayani kuuliza.

"Mwanangu," alimwambia kijana wa dirishani, "huo umeme utakaokatika Jumanne ni upi?"

"Wa Kingolwe, mama."

"Kingolwe hatuna umeme."

"Jumanne hamtakuwa nao, ndiyo."

"Na Jumatano?"

Kijana akaitazama ratiba kwa makini. "Jumatano hakuna tatizo lolote, mama."

Akarudi nyumbani akiwa hajui acheke au alie. Shoga yake Mwantumu, mwanamke mwembamba mwenye ulimi mrefu kuliko foleni ya hospitali, alimwambia, "Shukuru, mwenzangu. Kuna vijiji hata kukatiwa havikatiwi."

*

Ndipo Waziri wa Nishati, Mheshimiwa Dokta Lukindo, alipokuja Kingolwe na msafara wa magari na jenereta lake mwenyewe la kuendeshea kipaza sauti. Alikuwa mtu mnene wa heshima, aliyesoma hata vitabu ambavyo havijaandikwa, na alipenda suti nyeupe.

"Ndugu wananchi!" akaanza. "Kwa muda mrefu manjano yetu yamewasha taa za wengine. Sasa imetosha! Mtukufu Rais ameamua kwamba na sisi tuwe na kinu. Kinu cha kisasa! Kinu kitakachotumia nguvu za atomi! Atomi ni nini? Atomi, ndugu zangu, ni kitu kidogo sana, kidogo kuliko hata bajeti ya zahanati yenu. Lakini ukiipasua, nchi nzima inawaka!"

Watu wakashtuka kidogo kwa hilo la nchi kuwaka, lakini wakapiga makofi.

"Kinu hicho kitajengwa hapahapa Kingolwe, na kila nyumba itapata umeme!"

Hapo Bi Sikudhani aliruka, mtu mzima, akapiga vigelegele mpaka ushungi ukamdondoka.

Mwantumu akanyoosha mkono. "Mheshimiwa, kila moto una majivu. Ya huu yatamwagwa wapi?"

Waziri akatabasamu. "Swali zuri, mama. Majivu yatahifadhiwa hapahapa Kingolwe kwa miaka elfu kumi. Ni heshima kubwa. Hakuna kijiji kilichowahi kuaminiwa kwa muda mrefu hivyo."

"Si heshima, hiyo ni kinyaa," alisema Mwantumu, lakini jenereta lilikuwa limewashwa tena.

*

Mkataba ukaandikwa. Mtukufu Rais alikuwa na msimamo katika jambo moja: mkataba uwe kwa lugha yetu, si kwa lugha ya Kwao. "Wametutawala kwa lugha yao," alisema, "sasa watauziana nasi kwa yetu." Maneno mazito hayo, na hata mimi yalinisisimua.

Kabla ya kutiwa saini, mkataba ulipelekwa kwanza kwenye Baraza la Kusafisha Lugha, ambalo kazi yake ilikuwa kuondoa maneno ya kigeni. Wazee wa Baraza walivaa miwani wakalikuta neno nyuklia. Wakaliangalia. Wakalinusa. Mmoja akasema hili la kigeni, wakalifuta. Wakalikuta atomi, wakalifuta. Wakatafuta maneno ya kuweka mahali pake, wakagombana mpaka wakati wa chai, wakarudi wakagombana mpaka wakati wa posho. Mwisho mwenyekiti akasema, "Andikeni kinu tu. Mwenye akili ataelewa."

Hivyo mkataba ukabaki mfupi, msafi, hauna neno hata moja la kuazima. Ulisomeka hivi: Kwao itaipa Kwetu kinu kimoja, kikubwa, kilicho kamili. Kwetu itaipa Kwao manjano kwa muda wa miaka tisini na tisa. Basi. Ulipendeza hata watoto wa shule wakautungia wimbo, wakauimba kila asubuhi bendera ikipanda.

Wakwao walipoupokea, mawakili wao walifungua kamusi ya padri. Kinu: chombo cha kutwangia. Wakatazamana. Wakasoma tena. Kisha wakapeana mikono na kuagiza kahawa, maana katika miaka yote ya kuuziana na Kwetu, hawakuwahi kupata bei nzuri kama ile.

*

Kinu kilifika kwa treni, kimefunikwa turubai, juu ya mabehewa matatu yaliyounganishwa. Kikasimikwa katikati ya uwanja wa mpira. Siku ya kukifunua alikuja Mtukufu mwenyewe, ikapigwa mizinga, turubai likavutwa.

Kilikuwa kinu. Kinu cha chuma kinachong'aa, kirefu kuliko nyumba ya ghorofa moja, kipana mdomoni, chembamba kiunoni, kimekaa kwenye kitako chake. Pembeni yake ulining'inia mchi, nao wa chuma, umefungwa kwenye kamba na magurudumu ili watu wengi waweze kuuvuta pamoja. Mkataba ulisema kiwe kamili, na kilikuwa kamili.

Wanawake wa Kingolwe walikitazama kama mtu anavyomtazama ndugu yake aliyenenepa ghafla.

"Sikudhani," Mwantumu alinong'ona, "hicho si kinu?"

"Ndicho kinu."

"Namaanisha, si kinu kinu? Cha kutwangia?"

"Nyamaza kwanza, huenda ndivyo vya atomi vilivyo."

Waziri Lukindo alikuwa amekauka. Akamtazama Mtukufu. Mtukufu akamtazama yeye. Na kwa kuwa hakuna kati yao aliyewahi kuona kinu cha aina nyingine, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema hivyo, Mtukufu akapiga makofi, Waziri akapiga makofi, na bendi ikaanza.

Wiki zikapita, umeme hakuna. Waziri alieleza redioni kwamba kinu bado kinapata joto. Baadaye akaeleza kwamba kinu kimeshapata joto, sasa kinapoa. Kikajengewa uzio. Wakaletwa walinzi waliovaa nguo nyeupe za kufunika mwili mzima na barakoa puani. Wataalamu wakaja na vyombo vyao kupima mionzi, hawakuona hata chembe, na Kwetu ikapewa tuzo ya dunia kwa kuwa na kinu salama kuliko vyote.

Kila jioni Bi Sikudhani alikaa mbele ya friji lake, mkono shavuni. "Shaweji," alikuwa akisema, "nimekuja kudanganywa nikiwa mzee." Lilimuuma, tena lilimuuma sana. Udanganyifu wa mgodi aliuzoea, lakini huu wa sasa aliupigia vigelegele mwenyewe.

*

Sasa vinu, kwa sheria za kimataifa, havikai bila mwendeshaji. Waziri alizinakili sheria hizo zote bila kuacha nukta, ikiwemo ile isemayo kwamba kinu hakiwezi kubadilishwa, kuuzwa wala kuzimwa, wala mkataba wake kuguswa, bila saini ya Mwendeshaji Mkuu. Kisha akatangaza nafasi ya kazi: Mwendeshaji Mkuu wa Kinu, awe na uzoefu wa kufanya kazi na kinu usiopungua miaka ishirini.

Vijana wenye shahada wakasoma tangazo wakakata tamaa. Nchi nzima hawakupatikana watu wenye uzoefu huo, isipokuwa Kingolwe, ambako kila mwanamke aliyekuwa na mvi alikuwa nao. Bi Sikudhani akaomba. Kwenye usaili akaulizwa amefanya kazi na kinu tangu lini.

"Tangu utotoni," akajibu.

"Umewahi kupata ajali?"

"Mara moja mchi ulinigonga dole gumba."

Jopo likanong'onezana, likaandika: ajali moja ndogo, hakuna madhara kwa mazingira. Akapewa kazi, kofia ngumu na kitambulisho chenye picha. Mwantumu akawa msaidizi wake.

"Utaendesha nini pale?" Mwantumu alimcheka.

"Sijui. Lakini huyo mtu akinidanganya tena, safari hii atanidanganya nikiwa nimevaa kofia."

*

Siku moja Waziri akapata habari kwamba Balozi wa Kwao, Bwana Holtenbruk, anataka kuona shehena ya kwanza ya manjano ya mkataba ikiondoka. Akakimbilia mgodini, mara yake ya kwanza kufika. Wakamwonyesha mawe.

"Haya nini?"

"Ndiyo yenyewe, mheshimiwa."

"Mkataba unasema manjano. Haya ni ya kijivu!"

"Yanageukia huko kwao, mheshimiwa."

"Mnataka kuniaibisha mbele ya Balozi?" Waziri alifoka mpaka jasho likapenya suti. "Mkataba niliusimamia mimi! Kuanzia sasa hakuna jiwe la kijivu litakalopanda treni ya serikali. Fungeni mgodi huu mpaka mpate ya njano!"

Wakafunga. Waziri akaja mbio uwanjani, akamkuta Bi Sikudhani na kofia yake.

"Mama, wewe ndiye Mwendeshaji Mkuu. Balozi anakuja kesho kutwa. Kinu lazima kisikike kinafanya kazi, na lazima yatoke manjano. Mnaweza?"

Bi Sikudhani akamtazama usoni kuona kama anatania. Hakuwa anatania hata kidogo.

"Manjano, mheshimiwa?"

"Manjano! Yapo au hayapo Kingolwe?"

"Yapo tele. Kila nyumba ina tuta lake uani. Ila ni lazima tuyachimbe, tuyachemshe, tuyaanike, ndipo tuyatwange."

Waziri akapumua kama mtu aliyetua mzigo. "Hatua zote hizo mnazijua! Na mimi wataalamu wa Kwao wananiambia ni teknolojia ngumu."

Mwantumu aligeuka upande, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakawa yanatikisika.

Kazi ikaanza siku hiyohiyo. Wanawake wa Kingolwe wakachimba manjano yao ya mchuzi, wakachemsha kwenye mapipa, jua kali la majira yale likasaidia, wakayamimina kinuni kwa ngazi. Wakashika kamba, wakavuta mchi ukapanda, wakauachia. Du! Ardhi ikatetemeka. Wakaanza na nyimbo zao za kutwangia, zile zenye maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa penye wakwe. Vumbi la manjano likapanda, likashuka juu ya uzio, juu ya mbuzi, juu ya walinzi wenye nguo nyeupe. Suti ya Waziri ikawa njano kuanzia kwapani mpaka miguuni, na kila mpishi anajua kwamba rangi ile haitoki.

Balozi Holtenbruk alitazama kutoka mbali, ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Akaona watu waliovaa barakoa, akaona mapipa yanafungwa kwa mihuri ya risasi, akaona unga wa njano. Hakutarajia Wakwetu wangejua kuusaga wenyewe, akaudhika kidogo. Lakini akaandika kwao kwamba mambo yanakwenda vizuri. Treni ikapiga king'ora ikaenda bandarini.

*

Yaliyotokea Kwao tuliyasikia baadaye. Mapipa yalifika kwenye mtambo mkuu, yakafunguliwa na watu waliovaa nguo nzito, na mtambo mzima ukaanza kupiga chafya. Wakaita maprofesa. Maprofesa wakapima, wakapima tena. Mwishowe mpishi wa kantini akaonja kwa ncha ya kidole, akachukua debe moja jikoni, na inasemekana siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu mtambo ujengwe, wafanyakazi waliomba waongezwe chakula.

Lakini akiba ya unga wa kweli ilikuwa inaisha, na mgodi Kilimani umefungwa kwa amri ya Waziri. Serikali ya Kwao ikabandika ratiba ya mgawo wa umeme. Wakwao hawakujua kuisoma. Walidhani ni ratiba ya mabasi, wakasimama vituoni.

Balozi akaja Kingolwe na mawakili na kamusi. Meza ikawekwa uwanjani, kivulini mwa kinu. Upande mmoja alikaa Balozi. Upande wa pili Waziri Lukindo kwa suti yake ya njano, na kando yake, kwa kuwa sheria ilitaka, Bi Sikudhani na kofia. Mwantumu alisimama nyuma yake.

Balozi alijifunza lugha yetu kwenye kamusi ile ile, kwa hiyo alizungumza kama mtu aliyefufuka. "Enyi wenyeji," akasema, "hakika nimeghadhibika! Twaliafikiana manjano, nanyi mmetuletea viungo vya mchuzi!"

Waziri akafungua mdomo, akasema "changamoto za kiufundi", akaufunga.

"Bwana Balozi," alisema Bi Sikudhani, "mkataba unasema manjano. Tumeleta manjano."

"Manjano kwa maana ya sayansi, ewe mwanamke! Unga wa mitambo!"

"Ahaa. Na kinu hiki hapa, kwa maana gani?"

Balozi akatabasamu, kwa sababu jibu lake alikuwa nalo tayari. Akaipiga kamusi kofi. "Kinu ni kinu. Chombo cha kutwangia. Imeandikwa na padri wetu, mtu mwadilifu. Fungueni msome."

"Siipingi," alisema Bi Sikudhani. "Mmetupa kinu, nacho kizuri, hakipasuki. Sasa nisaidie, macho yangu mabovu. Huyo padri mwadilifu, kwenye manjano kasemaje?"

Wakili mmoja akafunua. Akasoma kimya, masikio yakamwiva. Akamsogezea mwenzake, naye akasoma, akamsogezea Balozi.

"Soma kwa sauti, Bwana Balozi," alisema Mwantumu. "Tuliokuja kwa miguu nasi tusikie."

Balozi akasafisha koo. "Manjano," akasoma. "Kiungo cha mchuzi."

Weee! Vicheko vilivyopasuka hapo vilisikika mpaka mgodini. Wanawake waliangukiana. Hata mlinzi mmoja alivua barakoa ili acheke vizuri.

"Basi chagua," Bi Sikudhani alisema walipotulia. "Kama ni maneno ya jikoni, yawe ya jikoni yote mawili: sisi tuna kinu, ninyi mna manjano, tumemalizana kwa miaka tisini na tisa. Kama ni ya sayansi, yawe ya sayansi yote mawili. Lakini huwezi kutupa cha jikoni ukachukua cha sayansi."

Waziri akamwinamia sikioni. "Mama, mama, usiharibu. Wameniambia faragha kwamba tukiwafungulia mgodi leo, watatupa magari mapya ya wizara. Tia saini."

Bi Sikudhani akageuka akamtazama mtu yule aliyejaa manjano mpaka kwenye nyusi.

"Mheshimiwa," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani tena, "mume wangu alichimba mawe yale maisha yake yote. Yamempasua kifua. Taa zao zilizokuwa zinawaka mchana na usiku, zilikuwa zinawaka kwa kifua cha Shaweji. Na nyumbani kwake hakuwahi kuwasha hata balbu moja, waya unapita hapo juu ya kichwa chake! Hapo! Leo unaniambia magari?"

Alikuwa analia, wala hakujificha. Akamgeukia Balozi.

"Waya ule ushuke. Uingie kila nyumba ya Kingolwe na kila kijiji unachokiruka mpaka bandarini. Ukishashuka, ndipo tuanze kuzungumza habari ya mawe, na habari ya kinu hicho kingine, na majivu yake, tena yawekwe uani kwako."

"Haiwezekani!" Balozi alisema. "Waya ule ni wa kampuni. Huhitajika upembuzi yakinifu. Miaka ishirini!"

"Hakuna neno. Sisi tuna subira na manjano bado yapo mashambani. Mwantumu, waambie washike kamba."

Wanawake wakashika kamba, mchi ukaanza kupanda polepole. Balozi akautazama ule mchi, akaitazama simu yake iliyokuwa na ujumbe kutoka Kwao, ambako lifti zilikuwa zimesimama na watu ndani. Ule upembuzi wa miaka ishirini ukakamilika kabla mchi haujafika juu.

*

Mafundi walikuja mwezi uleule. Ikaonekana kuushusha waya hakukuhitaji utaalamu wowote wa ajabu: nguzo, transfoma na mtu aliyetaka kufanya hivyo. Waziri alikata utepe akaeleza kwamba ndio uliokuwa mpango wake tangu mwanzo, na suti ya njano ikawa sare rasmi ya wizara.

Fundi alipofika kwa Bi Sikudhani alikuta waya wa friji umechomekwa kwenye tundu la udongo. "Mama, huku hakuna kitu," akasema.

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana uko hapa."

Akatoa vyombo, akatoa khanga, fundi akaunganisha waya. Friji likashtuka, likatetemeka, likaanza kuunguruma. Alikaa kwenye kiti chake akalisikiliza mpaka maji yakapoa. Alipoyanywa meno yalimuuma, akacheka peke yake, akamlaani Shaweji kwa mapenzi kwa kutomwambia kwamba maji ya baridi yanauma.

Tangu hapo Balozi Holtenbruk akawa mgeni wake wa kila wiki. Anafika mchana wa jua kali, tai imelegea, anakaa sebuleni, anauliza mawe ya Kilimani yataanza kupakiwa lini, kwa sababu kwao hali ni mbaya na wananchi wameanza kuandamana.

"Bwana Balozi, ondoa shaka," humwambia Bi Sikudhani. "Mchakato unaendelea."

"Unaendelea hadi wapi?"

"Uko hatua nzuri."

"Utakamilika lini, basi?"

"Tutawatangazieni," husema mama yule, akinyanyuka kufungua friji. "Nikuongeze maji?"